Taa Nyekundu ya Tawakali

Jumamosi, 4 Februari 1984

Taa nyekundu bado inawaka. Siku ya tatu leo.

Niandike kwa utaratibu, ili atakayelisoma daftari hili nikishatangulia asipate taabu. Gari langu ni Fiat 1100 la mwaka 1957. Nililipata kwa Mtaliani wa mashamba ya ndizi alipokuwa anarudi kwao, miaka kumi na minane iliyopita. Nimeliita Tawakali, na nimelichorea jicho kila upande wa boneti, kama chombo. Ndani, mbele ya dereva, kuna kitaa chekundu kidogo kama punje ya mtama. Injini ikiwaka, kitaa hutakiwa kizime. Maana yake dinamo inafua umeme na betri inajazwa. Kisipozima, gari linakula akiba na halileti kitu nyumbani.

Hakizimi.

Na Alhamisi, tarehe 16, Barke anaolewa. Barke ni mjukuu wa ndugu yangu Abubakar, Mungu amrehemu. Atakuja kwa boti kutoka kisiwa cha Kudha pamoja na wanawake wake. Baada ya magharibi atachukuliwa gatini na kupelekwa kwa mumewe, mtaa wa Majengo, hapa Kismayo. Kwa gari. Taa zinawaka, honi inalia, ngoma nyuma. Abubakar alinishika mkono akiwa kitandani, siku mbili kabla hajafa. Akasema: "Mahmudi, Barke asiende kwa mume kwa gari la mtu baki." Nikaahidi. Ahadi kwa maiti haina wa kukusamehe ukiivunja.

Shida ni kwamba mji mzima unakumbuka harusi ya Ummi, miaka mitatu iliyopita. Sitaki kuiandika hapa.

(Tawakali lilizima mbele ya soko. Bibi harusi alifika akisukumwa na wapiga ngoma.)

Sasa Nassor ana gari jipya jeupe lenye kinanda cha kaseti. Nassor ni mfanyabiashara wa jirani. Nilimfundisha sayansi darasa la tano, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikuingia. Amekwishapeleka salamu Kudha kwamba gari lake "lipo tayari". Nani aliyemwuliza?

Ajabu ya mambo ni kwamba Tawakali halijapata kutunzwa kama mwaka huu. Kila Januari hulitengeneza kama baba yangu alivyotengeneza vyombo. Mwaka huu nilizidisha. Nilifungua kila bolti. Kila mahali chuma kinapokutana na chuma nilitia pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za vyombo, iliyolowa sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka mbao za vyombo, na juu yake sandarusi. Dinamo, kisanduku chake cha kupima umeme, utepe wa waya unaounganisha injini na bodi, vyote. Hewa ya chumvi haina pa kuingia, hata ikibisha hodi.

Siku ya pili yake taa nyekundu ikaanza kuwaka. Basi ni wazi kabisa: dinamo imezeeka.


Jumapili, 5 Februari

Nimeipeleka dinamo kwa Famau. Famau alikuwa fundi wa mashine melini miaka ishirini. Sasa ana banda karibu na gati, anatengeneza injini za boti na kujaza betri. Kila jioni ndiye anayejaza yangu. Ameanza kuiita "mgonjwa wetu".

Aliifunga dinamo mezani, akaiunganisha na betri. Ikazunguka yenyewe kama pia. Akasema dinamo nzima, mgonjwa ni mwingine.

Nilimwambia kwamba kuzunguka mezani si kuzunguka garini. Nikaona nimweleze safari ya umeme tangu mwanzo, maana mafundi wengi wana mikono lakini hawana msingi. Umeme ni msafiri. Hutoka kwenye dinamo kwa waya, akafanya kazi yake, kisha lazima arudi nyumbani. Gari halina waya wa kurudia. Umeme hurudi kwa njia ya chuma chenyewe cha gari, kutoka bodi hadi injini. Asipopata njia ya kurudi, hasafiri. Somo hili nimelifundisha miaka thelathini. Nilitumia nusu saa na kipande cha chaki.

Famau alijaribu mara mbili kunikatiza kwa neno kuhusu kalafati. Nilimwambia maswali mwisho. Nilipomaliza, alikuwa amekwenda kuswali.

Jioni nilibadilisha makaa ya dinamo, vile vijiti vyeusi vinavyopokea umeme, hata hivyo. Nilitoa makaa ya betri za tochi, nikayapiga tupa mpaka yakakaa. Kazi safi. Nikairudisha dinamo mahali pake, pamba mpya, sifa mpya.

Taa inawaka. Nadhani imeng'ara zaidi.


Jumatatu, 6 Februari

Nikisubiri makaa yazoee, nimeshughulikia upande wa siasa.

Anayeamua bibi harusi apande gari gani ni Bi Kulthumu, mjane wa Abubakar, bibi yake Barke. Nimemwandikia barua ya kurasa nne, nikampa nahodha wa boti ya Kudha. Sikumsema Nassor kwa ubaya. Nilieleza tu, kitaalamu, kwamba gari jeupe huonyesha vumbi. Kwamba kinanda cha kaseti hunyonya umeme. Na kwamba kwa mtazamo wa watu wa zamani, nyeupe ni rangi ya sanda. Halafu nikaeleza mfumo wa kujaza betri wa Tawakali, pamoja na mchoro.

Mwanalima, mke wangu, aliusoma mchoro akauliza kama bibi harusi ndiye yule mwenye mistari miwili. Nilimwambia ile ni betri.


Jumatano, 8 Februari

Jambo jipya. Nikiwasha gari kunatoka harufu ya papa wa kukaanga.

Si harufu mbaya, kwa kweli. Mwanalima alitoka jikoni kuja kuuliza nani anapika. Tulifuata pua zetu mpaka kwenye ile kebo nyembamba inayotoka kwenye kanyagio la mafuta kwenda kwenye injini. Aliigusa, akavuta mkono upesi. Ya moto kama chuma cha pasi. Sifa niliyoipaka juu yake ilikuwa inachemka.

Nilimweleza kwamba ni jua. Alisema gari lilikuwa kivulini. Nilimweleza kwamba kivuli nacho kina joto lake.

Famau alikuwa anapita na akaniuliza kupitia ua kama kebo ya mafuta inapata moto. Amejuaje? Akasema umeme ukikosa mlango mkubwa hupita dirishani. Msemo mzuri. Nimeuandika pembeni ili niutumie kufundishia. Akataka kuingia aangalie ule utepe wa injini. Sikumruhusu. Mtu akiliona gari lako likiwa wazi leo, kesho mji mzima unajua.

Nimepata suluhisho la muda kuhusu taa nyekundu. Nimekitoa kitaa chenyewe. Haiwaki tena. Kiko kwenye kisanduku cha miwani.

Maendeleo.


Ijumaa, 10 Februari

Jibu limetoka Kudha. Bi Kulthumu hakuandika. Alimpa nahodha maneno, na nahodha akaona ayatoe mbele ya msikiti, watu wanatoka Ijumaa. Alisema Bi Kulthumu anamsalimu shemeji yake Mwalimu Mahmudi. Kuhusu rangi nyeupe, yeye hana neno. Sanda huvaliwa na maiti, na maiti anayejulikana Kismayo ni betri ya Mwalimu. Kuhusu Tawakali, ana masharti mawili. La kwanza, harusi haisukumwi. La pili, mjukuu wake amepakwa liwa siku saba na kufukizwa udi. Hatamweka ndani ya kitu kinachonuka kama tumbo la jahazi. Atanusa kwanza. Siku ya Alhamisi, gatini, kwa pua yake mwenyewe.

Watu walicheka. Nassor alicheka kwa adabu, mkono mdomoni, jambo ambalo ni baya zaidi. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mwalimu wangu, atafuata nyuma yangu na kamba.

Kijana huyu ana miaka arobaini na mitano na hajui hata leo betri ina nini ndani.

Hata hivyo, kwa akili ya mzee: sharti la kwanza ndilo kubwa. La pua ni la wanawake. Nimeamua kuacha kubembeleza dinamo. Nitalitia gari alteneta.

Nieleze. Dinamo ni teknolojia ya juzi: gari likienda polepole haifui kitu, na gari la harusi huenda polepole kuliko mazishi. Alteneta hufua umeme hata injini ikinong'ona. Magari yote ya siku hizi yanayo, hata la Nassor, ingawa akiiona atadhani ni tanki la maji.


Jumapili, 12 Februari

Alteneta imefika! Imetoka Kiunga, upande wa Kenya, ikavushwa Ras Kamboni kwa boti, imeviringishwa kikoi katikati ya magunia ya samaki wa ng'onda. Nilibadilishana nayo kwa ile darubini ya baba. Baba asingejali. Alikuwa hatazami mbali.

Tatizo dogo: haikai. Masikio yake hayalingani na mabano ya chuma yanayoishika dinamo. Mhunzi anasema wiki moja. Sina wiki. Lakini mimi ni mjukuu wa maseremala wa vyombo. Babu yangu aliunda mataruma, zile mbavu za majahazi, kwa jicho tu, bila kamba. Nimechukua kipande cha mkoko wa Burgao, mgumu, mwekundu, nikachonga bano. Siku nzima. Shoka, tezo, patasi. Limekaa kama jino kwenye ufizi! Nimelipaka sifa mara tatu na kulitia pamba.

Sijaona bano zuri kama hili katika gari lolote, la Kitaliani au la Kijapani. Nilimwita Mwanalima alitazame. Alilitazama. Akasema, "Baba Rukia, sasa lina taruma. Tanga unatia lini?"


Jumatatu, 13 Februari

Majaribio.

Nilipiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Injini ikawaka. Alteneta ikazunguka, laini, haina kelele hata kidogo. Nilirudisha kile kitaa chekundu mahali pake ili nione kikizima.

Hakikuwaka kabisa. Nikashukuru Mungu. Nikaendesha mpaka gatini kwa mbwembwe, taa zote zinawaka mchana kweupe. Nilipunga mkono dukani kwa Nassor.

Gatini gari likazima. Betri tupu kama ganda la dafu.

Famau alikuja na mita yake. Aliliinamia lile bano la mkoko, akalipapasa kwa kidole gumba. Nilidhani anastaajabia ufundi. Kisha akaketi juu ya pipa, akaufunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Alipoweza kusema alisema:

"Mwalimu. Mti haupitishi umeme."

Bila shaka haupitishi! Hilo liko katika sura ya pili ya kitabu changu cha darasa la tano. Nilimkumbusha kwamba ukurasa wenyewe ulikuwa na picha. Akaniuliza sasa umeme wa alteneta hii unarudi kwa njia gani, ikiwa imekalia mti? Nikasema kwamba ndilo swali nililotaka kumwuliza yeye, ili nione kama anafuatilia. Hata kitaa, akasema, hakikuwaka kwa sababu njia ilikuwa imekatika kabisa. Na kwamba, tukiwa hapohapo kwenye habari ya njia, ile pamba...

Nilimwambia tumalize somo moja kwanza.

Tumerudi nyumbani kwa kamba. Ya Nassor. Aliendesha polepole mno kupita sokoni, nina hakika kwa makusudi, akiwa amefungua kaseti.


Jumanne, 14 Februari

Bano la mkoko limepasuka. Nalo si kwa ubovu wa kazi. Mkoko hautaki joto. Nimeirudisha dinamo mahali pake. Alteneta iko kwenye buti, imeviringishwa kikoi chake.

Leo sikuandika mipango. Nilikaa ndani ya gari, uani. Abubakar alipenda kukaa kiti hiki cha abiria, mlango wazi, mguu nje. Aliamini kwamba gari likizima ni vizuri mguu uwe tayari. Hakuwahi kunicheka mbele ya watu. Tukiwa wawili tu.

Mwanalima alikuja na chai. Alikaa kiti cha nyuma, kama abiria. Aliniuliza kama mume wa Barke ataona vibaya tukimwachia Nassor. Nilisema mume hataona vibaya. Barke hataona vibaya. Wote hawataona vibaya. Ndiyo maana ni vibaya.

Akasema basi kesho nimwachie yeye gari, atatimiza sharti la pili, mimi nitafute la kwanza.


Jumatano, 15 Februari

Nimelipata la kwanza. Hila safi kuliko zote: betri tatu za boti za kuvulia samaki, zimejaa tele, zimefichwa buti pamoja na alteneta. Taa zikififia tu nasimama, nashuka kama mtu anayefunga mlango vizuri, nabadilisha waya, naendelea. Umeme wa kufika Majengo na kurudi mara nne. Famau amekubali kuniazima, kwa sharti apande naye, eti betri zake haziendi harusini peke yake. Hii ndiyo elimu. Mtu akishindwa kuchimba kisima, huchukua mitungi.

Mwanalima tangu asubuhi yumo ndani ya boneti pamoja na Rukia, binti yetu, na majirani wawili. Makumbi ya nazi, jivu, mchanga, ndimu. Wamesugua kila kitu. Wamekwangua sandarusi kwa visu vya samaki. Kila pamba niliyoitia kwa mikono yangu wameing'oa kwa sindano za kushonea magunia, wakakaza bolti tena kwa nguvu za kutwanga. Rundo la pamba lilijaa karai. Paka wa mtaa mzima walikuja.

Sikuweza kutazama. Chuma kitupu! Kinang'aa kama sufuria siku ya Idi. Nilimweleza Mwanalima kutu ni nini na huanzaje. Alisema kutu haitakuja kabla ya kesho saa kumi na mbili jioni, na akanipa karai nikamwage.

Mwisho wakalifukiza udi. Tawakali linanukia kama harusi yenyewe. Sijui baba angesema nini.

Ile pamba nimeihifadhi. Haikuwa na kosa.


Alhamisi, 16 Februari

Naandika kwa ufupi. Nimerudi sasa hivi tu.

Boti ya Kudha ilichelewa. Maji yalikuwa yametoka, ikabidi isubiri yajae. Tulipanga magari gatini tangu alasiri: Tawakali mbele, Nassor nyuma yangu. Famau kiti cha mbele, mita yake mapajani. Mimi sikuwasha kitu. Mtu wa mitungi mitatu hamwagi maji. Nassor aliwasha kila kitu. Taa kubwa, taa ndogo, kaseti, vitaa vya rangi alivyovizungusha kwenye kioo. Injini ameizima ili aokoe mafuta. Saa nzima na nusu. Watu walikwenda kumsifu. Ile kamba aliiweka juu ya kiti, mahali ambapo nisingeweza kukosa kuiona.

Boti ikafika, magharibi imeshaswaliwa. Bi Kulthumu akashuka wa kwanza, akaja moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la Tawakali. Akainama. Akanusa. Akafungua mlango, akanusa kiti. Wanawake thelathini wanangoja nyuma yake.

"Shemeji," akasema, "papa wako amekwenda wapi?"

Mwanalima alijibu badala yangu kwamba amerudi baharini. Bi Kulthumu akacheka, akamshika Barke mkono. Wakaingia.

Nilipiga hendeli. Mara moja tu. Nikawasha taa.

Famau akatazama mita. Akaigonga kwa kidole. Akaitazama tena. Akasema neno la melini ambalo sitaliandika, kisha akaomba radhi kwa Bi Kulthumu.

Taa hazikufifia. Ziling'ara! Kila nikikanyaga mafuta zilizidi kung'ara, na honi ikalia sauti ambayo sijaisikia tangu enzi za yule Mtaliani. Nilingoja zife mbele ya soko. Hazikufa. Nilingoja kwenye kona ya msikiti. Hazikufa. Kiti cha nyuma Barke, ndani ya shuka zake, akaniambia polepole:

"Babu, marehemu alinambia nikipanda kwako nisivue viatu."

Nikamwuliza kama amevivaa. Akasema amevivua tangu gatini.

Tumefika Majengo taa zinawaka. Niliziacha zinawaka mlangoni mpaka Bi Kulthumu akasema inatosha, watu wanashindwa kuona. Betri za boti hazikuguswa.

Na gari jeupe? Lilikuja nusu saa baadaye. Lilisukumwa. Na wapiga ngoma walewale. Nassor alipowasha gatini, betri ilikuwa imekwisha kuliwa na vitaa vyake, na gari la siku hizi halina tundu la hendeli. Nilimchukua pembeni nikamweleza, kwa upole, kwamba injini ikizimwa gari linakula akiba bila kuleta kitu nyumbani. Nilichora mchoro mchangani. Nadhani safari hii imeingia.


Jumamosi, 18 Februari

Utulivu. Mwanalima yuko Majengo na wanawake wenzake, atakaa kwa maharusi mpaka siku saba zitimie. Nimepata nafasi ya kufikiri kisayansi: kwa nini dinamo imepona?

Nimerudisha kile kitaa chekundu. Kinawaka ufunguo ukizungushwa, na injini ikishika kinazima. Kama vitabuni. Kebo ya mafuta baridi kama samaki.

Famau alikuja asubuhi kutoa maelezo yake. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, kwa sababu ni mgeni na ameniazima betri. Anasema dinamo haikuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Anasema ni pamba na sifa yangu. Eti niliziba kila mahali chuma kinapogusana na chuma, umeme ukakosa njia ya kurudi, ukawa unapenya kwenye kebo ya mafuta mpaka unaikaanga. Na kwamba Mwanalima alipokwangua vile vitu aliufungulia njia. "Fundi ni mkeo, Mwalimu," akasema. "Umeme hauna haja ya kalafati. Chombo kinazuia maji, gari linapitisha. Mtu akichanganya viwili hivi hafiki."

Maelezo mazuri, yana mpangilio. Ningempa sita kwa kumi. Lakini amefanya kosa la wanafunzi wengi: jambo likifuata jingine, hudhani la kwanza ndilo sababu. Wanawake walisafisha, gari likapona. Ndiyo. Hata jogoo huwika, jua likachomoza.

Sababu ya kweli nimeipata baada ya chai. Tazama tarehe. Dinamo ilikataa kazi wiki mbili. Jumatatu ikaona alteneta imeletwa, changa, laini, imekaa mahali pake. Jumanne ikarudishwa, lakini alteneta haikuondoka nyumbani. Iko buti, inasikia kila kitu. Alhamisi dinamo ikafanya kazi kama msichana. Yaani mke mwenza! Hakuna zaidi. Nimeamua alteneta ikae buti daima, ndani ya kikoi chake, isifungwe wala isitolewe. Huu ndio uboreshaji wenyewe. Nitamwandikia nahodha aliyeivusha Ras Kamboni barua ya shukrani, na mchoro.

Alhamisi ijayo ni siku ya saba. Nimemwahidi Bi Kulthumu kwamba nitawachukua Barke na mumewe kwa Tawakali mpaka gatini, wapande boti wakasalimie Kudha. Alikubali bila masharti. Nilisikia fahari. Nassor atafuata nyuma, nimemruhusu.

Jambo moja tu limenikosesha raha. Adhuhuri nilifungua boneti nitazame, na kwenye bolti ya ule utepe wa injini, juu ya chuma kitupu, nikaona kidoa. Cha rangi ya chungwa. Kidogo kama punje ya mtama. Kutu! Siku tatu tu, na chumvi imeshajua njia. Gari linalofanya kazi vizuri hivi haliwezi kuachwa uchi.

Nimetoka sokoni sasa hivi. Makopo mawili ya sifa, mbichi, nzito, ya papa wa wiki hii. Mwanalima harudi kabla ya Ijumaa.

Na pamba ipo. Karai zima.